Rimoti Isipoitikiwa na Linux: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Malalamiko ninayoletewa mara nyingi kuliko mengine yote ni mafupi: nimebonyeza rimoti, kompyuta haikufanya kitu. Lalamiko ni moja, lakini kati ya kidole na skrini kuna vituo sita ambavyo ishara inaweza kupotelea: taa ya rimoti, kipokezi cha infraredi, kiendeshi cha kipokezi hicho ndani ya kerneli (kiini cha mfumo wa Linux), kifasiri cha itifaki (lugha ya mipigo ya rimoti), ramani ya vitufe, na mwishoni programu inayosubiri kitufe. Anayekagua vituo hivi kwa mpangilio hupata jibu ndani ya nusu saa. Anayeanzia mwisho, yaani anayefuta programu yake ya filamu na kuiweka upya, au anayehariri mafaili aliyoyaona katika mwongozo wa zamani, humaliza siku nzima na huenda akaongeza hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Neno moja kuhusu miongozo ya zamani, maana ndiyo iliyowapotosha wengi. Hapo awali kazi yote ya kufasiri mipigo ya infraredi ilifanywa nje ya kerneli na programu ya LIRC. Tangu mwaka 2010 kerneli ya Linux imekuwa na mfumo wake wa ndani uitwao rc-core, ambao hupokea mipigo, huifasiri, huilinganisha na ramani ya vitufe, kisha huitoa kama vitufe vya kibodi ya kawaida. Kwa watumiaji wengi LIRC haihitajiki tena hata kidogo. Ukikutana na maelekezo yanayokutaka uandike lirc-rpi kwenye mipangilio ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, au uhariri faili la hardware.conf, yaache hapo hapo. Kiendeshi hicho kiliondolewa kwenye kerneli ya Raspberry Pi kuanzia toleo la 4.19, na kukitafuta leo ni kumtafuta mtu aliyekwisha hama.

Mifano yangu mingi itatumia Raspberry Pi yenye kipokezi cha miguu mitatu, kwa sababu ndiyo inayoleta maswali mengi, lakini hatua za ukaguzi ni zile zile kwa kipokezi cha USB au kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani. Kabla ya kuanza, weka zana tatu. Kwenye Debian na jamaa zake amri ni hii:

sudo apt install ir-keytable v4l-utils evtest

Dalili ya kwanza: ir-keytable haioneshi kipokezi chochote

Andika ir-keytable peke yake, bila nyongeza. Kila kipokezi ambacho kerneli inakitambua kitaorodheshwa kwa jina la rc0, rc1 na kuendelea, pamoja na kiendeshi chake, ramani yake na itifaki zilizowashwa. Orodha ikiwa tupu, au ikikosa kipokezi chako, visababishi ni hivi, kuanzia kile cha kawaida zaidi.

Kwa vipokezi vya USB, mara nyingi hakuna hitilafu kabisa. Vipo vipokezi vingi vya bei nafuu, hasa vile vinavyouzwa pamoja na rimoti yake, ambavyo hufasiri mipigo vyenyewe na kujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Kifaa cha namna hiyo hakipiti kwenye rc-core na hakitaonekana kwenye ir-keytable hata ukikisubiri mpaka kesho. Fungua kihariri cha maandishi, bonyeza tarakimu kwenye rimoti, na tarakimu zikiandikwa, jua kwamba unachotakiwa kufanya ni kubadilisha vitufe vya kibodi, wala si kuhangaika na itifaki.

Kwa Raspberry Pi, kisababishi kikuu ni mstari wa mipangilio kukosekana au kuandikwa katika faili lisilo sahihi. Tangu toleo la Bookworm la mwaka 2023, faili linalosomwa ni /boot/firmware/config.txt, wakati miongozo mingi bado inataja /boot/config.txt. Hakikisha mstari huu upo katika faili sahihi, kisha uwashe kifaa upya:

dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18

Namba 18 hapo ni namba ya GPIO, yaani namba ambayo programu huitambulia pini, siyo nafasi ya pini kwenye safu. GPIO 18 iko kwenye pini ya 12 ukihesabu kwa mkono, na kosa la kuchanganya hesabu hizi mbili nimelikuta hata kwa watu wenye uzoefu mkubwa.

Kisababishi cha tatu ni mgongano. GPIO 18 hutumiwa pia na njia ya sauti ya I2S, kwa hiyo ukiwa umepachika kadi ya sauti juu ya Raspberry Pi yako, mojawapo ya vifaa hivyo viwili itakosa nafasi. Soma dmesg (amri inayoonesha ujumbe wa kerneli), tafuta mstari unaotaja gpio_ir_recv au ir-receiver ukifuatiwa na taarifa ya kushindwa, kisha uhamishie kipokezi kwenye pini nyingine iliyo huru, kama vile GPIO 23, ukibadilisha namba kwenye mstari wa juu.

Cha mwisho, na hiki huwapata wale tu waliojijengea kerneli wenyewe, ni sehemu husika kutowashwa wakati wa kujenga. Angalia kwenye faili la usanidi la kerneli yako kama CONFIG_RC_CORE, CONFIG_LIRC, CONFIG_RC_DECODERS na kifasiri cha itifaki yako, kwa mfano CONFIG_IR_NEC_DECODER, vimewekwa y au m. Kama hukuijenga kerneli mwenyewe, hatua hii ipite.

Dalili ya pili: kipokezi kipo kwenye orodha, lakini jaribio liko kimya

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapoomba msomaji awe mvumilivu. Jaribio lenyewe ni amri ya ir-keytable yenye nyongeza ya -t, inayosubiri na kuandika kila kinachopokelewa. Umeiendesha, umebonyeza rimoti, na hakuna hata mstari mmoja uliotokea.

Anza na swali linaloonekana dogo: je, unajaribu kifaa kilicho sahihi? Usipotaja kifaa, ir-keytable huchukua rc0. Kwenye Raspberry Pi 4, tundu mbili za HDMI nazo husajiliwa kwenye rc-core, kwa sababu runinga inaweza kupitisha vitufe vya rimoti yake kupitia waya wa HDMI kwa njia ya CEC. Matokeo yake, rc0 na rc1 mara nyingi ni za HDMI, na kipokezi chako kinakuwa rc2. Niliwahi kuletewa kifaa ambacho mwenyewe alikwisha kibadilishia vipokezi viwili na rimoti tatu. Orodha yake ilionesha hivi, na jibu lilikuwa limekaa wazi kwenye mstari wa tatu muda wote huo:

rc0: vc4-hdmi-0, kiendeshi cec
rc1: vc4-hdmi-1, kiendeshi cec
rc2: gpio_ir_recv, kiendeshi gpio_ir_recv

Vipokezi vyake vyote vilikuwa vizima. Alikuwa akisikiliza mlango wa HDMI. Zingatia pia kwamba vifaa vya CEC havipewi faili la lirc, kwa hiyo kipokezi hicho hicho kinaweza kuwa rc2 upande mmoja na /dev/lirc0 upande mwingine. Namba hizo hazilazimiki kulingana, na zinaweza kubadilika kifaa kinapowashwa upya. Soma orodha kila mara, usikariri namba.

Ukishahakikisha kifaa, kagua itifaki. Hiki ndicho kisababishi kinachoongoza kwa mbali. Kerneli haiwashi vifasiri vyote kwa pamoja. Huwasha kile kinachotajwa na ramani ya vitufe iliyowekwa tangu mwanzo. Mstari wa gpio-ir, usipoutajia ramani, hutumia rc-rc6-mce, ambayo ni ramani ya rimoti za kompyuta za Windows Media Center, na hivyo itifaki inayowashwa ni RC-6. Rimoti nyingi za bei ya kawaida, zikiwemo zile ndogo nyembamba zinazokuja na vifaa vya kujifunzia, hutumia NEC. Mipigo inafika, kerneli inaipokea, lakini hakuna anayeifasiri. Jaribu hivi:

sudo ir-keytable -s rc2 -p all -t

Nyongeza ya -p all huwasha vifasiri vyote. Mistari ikianza kutokea, kila mmoja utataja itifaki na msimbo wake, kwa mfano nec na 0x45. Andika jina la itifaki hiyo pembeni, kisha uache hiyo moja tu ikiwa imewashwa, kwa sababu kuwasha itifaki zote kwa kudumu hufungua mlango wa mipigo ya ovyo kufasiriwa kimakosa kuwa vitufe.

Bado kimya? Shuka kituo kimoja chini na utazame mipigo yenyewe kabla haijafasiriwa:

sudo ir-ctl -d /dev/lirc0 -r

Amri hii huandika urefu wa kila mpigo na kila kimya kwa mikrosekunde, alama ya kujumlisha ikiwa mpigo na ya kutoa ikiwa kimya. Kwa jicho lililozoea, mstari huo unasomeka kama maandishi. Ukianza na takriban +9000 kisha -4500, hiyo ni NEC, na tarakimu zinazofuata zitakuwa karibu na 560 kwa mipigo, huku vimya vikiwa ama 560 ama 1690. Ukianza na 2400 ikifuatiwa na 600, hiyo ni ya Sony. Ukianza na 2666 kisha 889, ni RC-6. Tarakimu zote zikizunguka 889 na 1778, bila mpigo mrefu wa kufungulia, ni RC-5. Tofauti ya mikrosekunde hamsini au mia moja hapa na pale ni ya kawaida na isikutishe.

Jaribio hili linagawa tatizo katikati. Ikiwa mipigo inaonekana vizuri kwenye ir-ctl lakini hakuna kifasiri kinachoitambua, rimoti yako inatumia itifaki ambayo kerneli haina. Tangu toleo la 4.18 la mwaka 2018, kerneli inakubali vifasiri vya ziada vilivyoandikwa kwa BPF (programu ndogo zinazopakiwa ndani ya kerneli), na kifurushi cha ir-keytable kinakuja na vichache vilivyo tayari. Sharti ni CONFIG_BPF_LIRC_MODE2 iwe imewashwa. Kusema kweli, kama kazi yako ni kuangalia filamu tu, nunua rimoti nyingine ya NEC au RC-5 na uokoe wiki nzima ya maisha yako.

Ikiwa hata ir-ctl iko kimya, tatizo haliko tena kwenye kerneli wala kwenye programu yoyote. Liko kwenye mwanga au kwenye waya. Chukua simu, fungua kamera ya mbele, elekeza rimoti kwenye kamera na ubonyeze. Kamera nyingi za mbele hazina kichujio kikali cha infraredi, na utaona taa ya rimoti ikimetameta kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Isipometameta, badilisha betri, safisha ncha zake kama zimeota kutu ya kijani, na ujaribu tena. Rimoti iliyowahi kuanguka na ikafa ghafla mara nyingi imevunjika kipande kidogo cha kauri kinachoipigia saa. Fundi wa runinga anakibadilisha kwa dakika chache. Ipo pia rimoti ambayo haitawahi kumetameta kwa sababu si ya infraredi: rimoti nyingi za runinga za kisasa na za vijisanduku vya filamu hutumia Bluetooth kwa vitufe vingi, huku baadhi zikibakiza infraredi kwa kitufe cha kuwashia na vichache vingine.

Taa ikiwaka na kipokezi bado kiko kimya, zima kifaa, chomoa umeme, kisha ukague waya. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya kipokezi na kipokezi. TSOP38238, ukiitazama upande wenye nundu, ina ishara kushoto, ardhi katikati na umeme kulia. TSOP1738 huanza na ardhi, kisha umeme, kisha ishara. Aliyefuata mchoro wa mmoja akiwa na mwingine mkononi ameunganisha umeme kinyume, na kipokezi kilichopata moto namna hiyo, hata kikionekana kizima, kitupe. Baada ya kuunganisha sawasawa, pima kwa multimita kati ya ishara na ardhi: kipokezi kizima kisichopokea kitu hukaa karibu na volti zilezile za umeme wake, na unapobonyeza rimoti usomaji hushuka kidogo.

Onyo: pini za Raspberry Pi hazivumilii zaidi ya volti 3.3. TSOP1738 imetengenezwa kwa volti 5, na ishara yake hupanda hadi kiwango hicho hicho, kwa hiyo usiiunganishe moja kwa moja. Tumia kipokezi kinachokubali volti 3.3, kama TSOP38238, na ukilishe kutoka pini ya volti 3.3. Ukiona moshi, ukisikia harufu ya kuungua, au kifaa kikizima chenyewe kila unapochomeka kipokezi, acha. Hiyo ni shoti, na mtu wa kuitazama ni fundi wa elektroniki.

Dalili ya tatu: rimoti inasikika ukiwa karibu tu, au mipigo hutokea bila kubonyeza

Kwanza tazama mwanga wa chumbani. Jua linaloingia dirishani na taa za kubana umeme za mirija ni vyanzo vikubwa vya kelele za infraredi. Zima taa, funga pazia, rudia jaribio la ir-ctl na ulinganishe. Kelele ikikoma, hamisha kipokezi au ukikinge kwa pembeni.

Kelele isipokoma hata gizani, chanzo ni umeme unaokilisha kipokezi. Karatasi za watengenezaji huelekeza kuweka rezista ya takriban omu 100 kwenye njia ya umeme na kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya umeme na ardhi, karibu kabisa na kipokezi, na ushauri huo wengi huupuuza mpaka unapowagharimu. Waya mrefu uliopita sambamba na waya wa umeme wa nyumba nao huokota kelele, ufupishe.

Mwisho ni masafa. Vipokezi vingi vimepangwa kwa kilohezi 38. Rimoti za RC-5 hutumia 36 na za Sony 40, na zote mbili zitapokelewa lakini kwa umbali uliopungua. Rimoti za Bang & Olufsen zinazotumia kilohezi 455 hazitapokelewa kabisa na kipokezi cha aina hiyo, na hakuna mpangilio wa kerneli utakaobadilisha hali hiyo.

Dalili ya nne: msimbo unaonekana, kitufe hakionekani

Jaribio la -t linaandika itifaki na msimbo, lakini haliandiki mstari wenye key_down na jina la kitufe. Hii ni habari njema: mwanga, waya, kiendeshi na kifasiri vyote vinafanya kazi, na kilichobaki ni ramani tu. Bonyeza vitufe vyote vya rimoti kimoja kimoja, andika msimbo wa kila kimoja kama ulivyo, kisha tengeneza faili katika /etc/rc_keymaps, kwa mfano sebuleni.toml, lenye sura hii:

[[protocols]]
name = "sebuleni"
protocol = "nec"
[protocols.scancodes]
0x45 = "KEY_PROG1"
0x46 = "KEY_VOLUMEUP"
0x40 = "KEY_ENTER"

Lipakie kwa amri ifuatayo. Nyongeza ya -c hufuta ramani ya zamani ili isichanganyike na mpya, na itifaki iliyotajwa ndani ya faili huwashwa yenyewe:

sudo ir-keytable -s rc2 -c -w /etc/rc_keymaps/sebuleni.toml

Kama faili linakataliwa, mara nyingi ni jina la kitufe lililoandikwa vibaya. Majina yanayokubalika ni yale ya kerneli peke yake, yanayoanza na KEY_ au BTN_, kwa herufi kubwa.

Dalili ya tano: kila kitu ni sawa mpaka kompyuta inapowashwa upya

Ramani uliyoipakia kwa mkono inakaa kwenye kumbukumbu ya kerneli na hufutika kifaa kinapozimwa. Inayopakiwa wakati wa kuwaka inaamuliwa na faili la /etc/rc_maps.cfg. Ongeza mstari wenye safu tatu: jina la kiendeshi, jina la ramani ya awali au alama ya nyota, na jina la faili lako.

gpio_ir_recv * sebuleni.toml

Uweke juu, kabla ya mistari mingine. Mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika, na kwa kuwa faili hilo huja na mstari unaolingana na rc-rc6-mce kwa kiendeshi chochote, ulioandikwa mwishoni hautafikiwa kamwe.

Dalili ya sita: jaribio linaonesha kitufe, programu haikioni

Kwa wanaotumia X11 (mfumo wa zamani wa kuonesha madirisha kwenye skrini), kisababishi cha kwanza ni kikomo cha zamani cha itifaki ya X, ambayo namba zake za vitufe haziwezi kuzidi 255, na kwa kuwa huongeza 8 juu ya namba ya kerneli, kitufe chochote cha kerneli kinachozidi 247 hakipiti. Sasa tazama ramani nyingi zinazokuja tayari: KEY_OK ni namba 352, na tarakimu za rimoti, KEY_NUMERIC_0 hadi KEY_NUMERIC_9, zinaanzia 512. Ndiyo maana mtu anaweza kupandisha sauti kwa rimoti yake bila tatizo, kwani KEY_VOLUMEUP ni 115, lakini kitufe cha katikati na tarakimu zote vinakuwa kama vimekufa. Hapa hakuna kilichoharibika. Badilisha KEY_OK iwe KEY_ENTER, na KEY_NUMERIC_1 iwe KEY_1, na vivyo hivyo kwa zilizobaki, kisha pakia ramani upya.

Kisababishi cha pili ni ruhusa. Programu inayosoma /dev/input moja kwa moja, bila kupitia X11, inahitaji mtumiaji wake awe kwenye kundi la input. Jaribu evtest, zana inayoonesha vitufe vinavyofika /dev/input, kwa sudo na bila sudo. Tofauti ya majibu itakueleza. Usitatue hili kwa kuendesha programu nzima kama root, wala kwa kufungulia kila mtu mafaili ya /dev/input, kwa sababu ndimo pia inamopita kila herufi ya nywila unayoiandika kwenye kibodi.

Dalili ya saba: bonyezo moja linahesabiwa mara mbili, au kitufe kinakimbia

Mara mbili kamili, kila mara, kwa kila kitufe: hiyo ni alama ya njia mbili zinazofanya kazi moja. LIRC iliyobaki kutoka enzi ya zamani inasoma mipigo na kuipelekea programu ya filamu kama Kodi, huku kerneli nayo ikiipelekea kitufe hicho hicho kama kibodi. Zima moja:

sudo systemctl disable --now lircd.socket lircd.service

Kama kurudia hutokea kwa baadhi ya mabonyezo tu, tatizo ni kasi ya marudio. Kwa kawaida kerneli husubiri milisekunde 500 kabla ya kuanza kurudia kitufe kilichoshikiliwa, kisha hurudia kila baada ya milisekunde 125. Kwa mzee mwenye mkono mzito, milisekunde 500 ni chache, na ninaomba sana jambo hili lisidharauliwe, kwani nimeona watu wazima wakiacha kutumia kifaa kwa kuamini kwamba kosa ni lao. Panua muda kwa amri hii na uulize mtumiaji mwenyewe kama anaridhika:

sudo ir-keytable -s rc2 -D 900 -P 200

Kinyume chake pia hutokea: mabonyezo mawili ya haraka yanahesabiwa moja. RC-5 na RC-6 zina biti inayogeuka kila kitufe kinapoachiwa na kubonyezwa tena, kwa hiyo kerneli hutofautisha kubonyeza na kushikilia. NEC haina biti hiyo. Inategemea ujumbe mfupi wa marudio, na rimoti za bei ya chini kabisa hurudia ujumbe mzima badala yake. Kerneli ikipokea msimbo ule ule kabla ya muda wa kuachia kwisha, inauona ni kushikilia. Unaweza kupunguza muda wa kusubiri wa kipokezi kwa nyongeza ya --timeout ya ir-ctl, lakini usiushushe chini ya kimya kirefu zaidi cha itifaki yako, ama sivyo ujumbe mmoja utakatwa vipande viwili.

Dalili ya nane: kitufe cha kuzimia runinga kinazima kompyuta, au rimoti haiiamshi

KEY_POWER ikitoka kwenye rimoti huchukuliwa na mfumo sawa na kitufe cha kuzimia kilichoko kwenye kasha la kompyuta. Ipe kitufe hicho jina lingine kwenye ramani, kama nilivyofanya hapo juu, au uweke HandlePowerKey=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf. Kagua pia kama rimoti ya runinga iliyomo chumba hicho hicho haitumii misimbo ile ile.

Kuamsha ni habari nyingine. Kwa vipokezi vya USB, hakikisha faili la power/wakeup la kifaa hicho ndani ya /sys/bus/usb/devices lina neno enabled, kisha uingie kwenye mipangilio ya BIOS uone kama umeme wa USB haukatwi kompyuta inapolala. Vipokezi vilivyomo ndani ya ubao mama huwa na wakeup_protocols na wakeup_filter ndani ya /sys/class/rc. Kama mafaili hayo hayapo, kiendeshi hakina uwezo huo, na hapo ndipo safari inapoishia.

Dalili ya tisa: kompyuta inapokea vizuri, lakini haiwezi kurusha

Endesha ir-ctl --features kwa kila faili la lirc. Linalorusha litataja kwamba linaweza kutuma, na kwenye Raspberry Pi ni faili tofauti na linalopokea. Ukikuta faili ni sahihi, tumia kamera ya simu kuona kama taa inawaka. Ikiwaka lakini runinga haiitiki, na unatumia njia ya kurushia ya gpio-ir-tx, hamia ile ya pwm-ir-tx: ile ya kwanza huyapiga masafa ya kubebea kwa kuwasha na kuzima pini kwa mkono wa kichakataji, ambao hukatizwa na kazi nyingine, wakati ya pili hutumia saketi ya PWM (ya kutengeneza mipigo) yenyewe na masafa yake hutulia.

Taa ikiwa hafifu, usiiongezee nguvu kwa kuondoa rezista. Pini moja ya Raspberry Pi haipaswi kutoa zaidi ya miliampea 16, ilhali taa ya infraredi ya kufika upande wa pili wa sebule inahitaji nyingi zaidi ya hizo. Njia salama ni transista inayoendeshwa na pini, taa ikilishwa kutoka volti 5 kupitia rezista yake. Kama hujawahi kuunganisha transista, mpe fundi mchoro na kazi hiyo.

Na ikiwa umeshahakikisha kwa kamera kwamba taa yako inawaka vizuri, na kwamba rimoti halisi ya runinga nayo imeshindwa, basi kipokezi kilichokufa ni kile kilichomo ndani ya runinga. Usilifungue kasha lake. Kapasita za sehemu ya umeme zinaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Mwite fundi wa runinga, na umweleze majaribio uliyoyafanya ili aanzie pale ulipoishia.